Maua ya mukuba: neno moja la Kiingereza na vilima vya Katanga

Wanafunzi wetu wanapokuta maneno ya Kiingereza "flower", "blossom" na "bloom", karibu wote wanaandika jibu moja: maua. Si uongo, lakini haitoshi. "Flower" Waingereza waliipata kwa Wafaransa, na Wafaransa waliitoa mu Kilatini. "Blossom" ni neno la kale la Kiingereza chenyewe, nalo linapenda miti ya matunda, sawa vile mwembe unapojaa maua mbele ya kuzaa. "Bloom" lilitoka kwa watu wa kaskazini ya Ulaya. Linasema ua, tena linasema ule wakati wa kuchanua, hata uso wa kijana mwenye afya, hata ule unga mwepesi unaofunika zabibu. Sisi tuko na kuchanua, kunawiri, kustawi, na ku Lubumbashi watoto wanasema tu "muti inatosha maua". Mpaka hapa mwalimu hana shida.

Lakini mwenye kufungua kamusi kubwa atakuta "bloom" ya pili, nayo haina harufu. Ni donge la chuma. Wafua vyuma wa zamani wa Ulaya, kama wafua vyuma wa kwetu, walikuwa na tanuru za udongo na makaa ya miti. Chuma kinayeyuka kwenye digrii 1538, na moto ule haukufika pale. Kwa hiyo chuma hakikutiririka: kilibaki donge lenye matundu, limechanganyika na takataka, na watu walilipiga nyundo moto moto mpaka likawa safi. Donge lile ndilo "bloom". Kamusi zinaandika maneno haya mawili mbali mbali, na wataalamu hawajapatana kama yana mzizi mmoja. Sisi hatutakata kesi ile. Tunaona tu kwamba wachimbaji wa Ulaya walizoea kuweka ua karibu na madini: Wajerumani na Waingereza waliita "ua la kobalti" ule ukoko wa rangi ya waridi unaotokea juu ya mawe fulani. Mwenye kuuona alijua kobalti iko karibu. (Kobalti yetu ya Kolwezi kwa kawaida inatoka mu jiwe jeusi, kwa hiyo msitafute ua lile kule.)

Kwetu jambo hili si mfano wa maneno, ni ua kweli. Mimea midogo ya jamaa ya lumbalumba, ambayo wataalamu wanaita Haumaniastrum katangense na Haumaniastrum robertii, inaota kwenye udongo wenye shaba nyingi, pale ambapo miti ya musitu inakufa. Jina lile linamukumbuka Lucien Hauman, mutaalamu wa mimea wa Ubelgiji. Watu wa Kifaransa wanasema "fleur de cuivre", sisi tunaweza kusema ua la mukuba. Mu mwaka 1958 Paul Duvigneaud aliandika juu ya mimea ya Katanga na udongo wake wa madini, na nyuma yake François Malaisse, aliyefundisha ku Lubumbashi, aliendelea na kazi ile kwa miaka mingi. Tusifikiri ua linakula shaba kama chakula. Wataalamu walilipanda kwenye udongo usio na shaba, likakua. Inaonekana linakaa kilimani sababu wengine wanashindwa kukaa pale.

Na hapo ndipo historia inaingia. Jules Cornet, jeolojia wa musafara wa Bia na Francqui, alipita Katanga mu 1892. Mu vitabu vingi vya masomo yeye ndiye "aliyevumbua" shaba. Neno lile tulikatae. Vilima vile visivyo na miti vilikuwa vinajulikana na bazee kwa karne nyingi mbele yake. Mu makaburi ya Sanga, kando ya ziwa Kisale, wachimbaji wa historia walikuta mu 1957 na 1958 misalaba ya shaba imewekwa pamoja na wafu. Mukuba, tofauti na chuma, unayeyuka kwenye digrii 1085. Ndiyo maana wayeyushaji wetu hawakuwa na haja ya donge la kupiga: walimimina shaba mu kalibu, ikatoka musalaba. Misalaba mitatu ya namna ile ndiyo ilichorwa kwenye bendera ya Katanga mu 1960. Bayeke wa Msiri, waliotoka upande wa Unyamwezi, mu inchi inayoitwa leo Tanzania, walikuja kwa njia ya biashara ya shaba hiyo hiyo, wakajenga ufalme Bunkeya. Msiri aliuawa na watu wa musafara wa Stairs tarehe 20 Desemba 1891. Mu 1906 Union Minière ikaundwa, na mu 1911 tanuru ya Lubumbashi ikatoa shaba ya kwanza.

Kutoka Lubumbashi mpaka Kolwezi kuna vilima vya shaba zaidi ya 100. Aina za mimea zaidi ya 30 zinaota pale tu, hazipatikani pengine duniani. Kilima kikichimbwa, kinaondoka chote, na mimea yake inaondoka nacho. Kuna aina ambazo wataalamu wanazihesabu kuwa zimekwisha kupotea. Huko Fungurume walijaribu kukata majani na udongo wake na kuvihamisha mahali pengine, na kuweka mbegu akiba. Ni kazi nzuri, lakini kilima hakihamishwi.

Tena kuna jambo moja ambalo wanafunzi wanapenda kusikia. Upande wa Luano, karibu na Lubumbashi, ua la mukuba lilionekana mahali ambapo hapakuwa na kilima wala mugodi. Watafiti walichimba. Chini yake walikuta mabaki ya tanuru za zamani na misalaba ya shaba: wayeyushaji walikuwa wamemwaga takataka zao pale, udongo ukashika shaba, na ua likakuja lenyewe kuota juu yake.