'Miale ya kosmiki': Jina lililotangulia ukweli

ETI kitu kiitwe miale ilhali si mwanga? Ndivyo ilivyo kwa 'miale ya kosmiki', istilahi ambayo asili yake, naona, yafaa kuelezwa.

Mnamo Agosti 7, 1912, Victor Hess, mwanafizikia wa Austria, alipaa kwa puto hadi zaidi ya mita 5,000. Wakati huo wengi waliamini kwamba mionzi iliyonaswa na vifaa vyao ilitoka ardhini. Kumbe Hess alivyozidi kupaa ndivyo ilivyozidi kuongezeka! Ilitoka juu. Mnamo 1925, Mmarekani Robert Millikan akaibandika jina la miale, akidhani ni jamii ya mwanga. Miaka ya 1930, Arthur Compton akalinganisha vipimo vya pande mbalimbali za dunia, akakuta 'miale' hiyo inapungua karibu na Ikweta. Sumaku ya dunia ilikuwa ikiipinda, na mwanga haupindwi hivyo. Basi nyingi kati yake zilikuwa chembe zenye chaji ya umeme. Ukweli ukajulikana, jina likabaki.

Je, tofauti hiyo ina uzito? Naam. Chembe hizi zikigonga hewa ya juu huvunja molekuli za nitrojeni. Vipande vyake huungana na oksijeni kuunda oksidi za nitrojeni, ambazo hula ozoni, ngao yetu dhidi ya mionzi mikali ya jua. Mnamo 1975, Paul Crutzen na wenzake walikokotoa athari hiyo kwa chembe zinazorushwa na jua lenyewe linapolipuka. Miaka miwili baadaye, vipimo vya setilaiti ya Nimbus 4 vikathibitisha kwamba ozoni ilipungua kweli baada ya mlipuko wa Agosti 1972. Ilipungua wapi zaidi? Karibu na ncha ya dunia, sumaku inakoruhusu chembe kupenya.

Sasa, mwanafunzi aliyekaririshwa 'miale' pekee ataelewaje kwa nini ncha huumia kuliko hapa kwetu Ikweta? Atafikiria mwangaza, na mwangaza wa jua ni mkali zaidi kwetu!

Sisemi jina lifutwe, limeshazoeleka. Ninachodai ni kwamba wanaotunga kamusi na vitabu vya shule waanze fasili yake kwa neno 'chembe'. Hapo maana itakuwa imefidia kasoro ya jina.