Katiba ya Tunis ya 1861 na Wanyonge Walioikataa

Mwaka 1277 Hijria (1861) Muhammad as-Sadiq Bey, mtawala wa Tunis, alitangaza katiba ambayo kwa kauli mashuhuri ndiyo ya mwanzo kuandikwa katika nchi za Kiarabu. Likaundwa Baraza Kuu la watu 60, lenye haki ya kuwahoji mawaziri. Mwaka 1864 raia walinyanyuka kwa silaha, na miongoni mwa madai yao ni kuwa katiba hiyo iondolewe. Vipi wanyonge wakatae chombo kilichowekwa ili mtawala asiwadhulumu?

Wapo wanaojibu haraka kwamba mabedui wale hawakujua maana ya shura. Jawabu hilo halisimami. Wajumbe wote 60 waliteuliwa: mamluki wa kasri na wakubwa wa miji. Mfugaji wa bara hakuwa na mtu wake humo.

Kisha tuitazame kodi ya majba. Ilianza mwaka 1856, riyali 36 kwa kila mwanamume baleghe, tajiri na fukara sawasawa, na miji mitano ikasamehewa: Tunis, Kairouan, Sousse, Monastir na Sfax. Basi waliokaa barazani wakatoka kwa wasiolipa, na waliolipa hawakuwa na wa kuwasemea. Imamu ash-Shatibi (aliyefariki 790 Hijria), Maliki kama walivyo wengi wa watu wa Tunis, alimruhusu imamu muadilifu kutoza mali Baitul-Mali ikiwa tupu, lakini kwa matajiri. Hapa jambo liligeuzwa juu chini! Serikali ilipokwisha kukopa Paris mwaka 1863, majba ikapandishwa hadi riyali 72.

Ndipo akasimama Ali bin Ghedhahem wa kabila la Majer. Watu wake walitaka kodi ipunguzwe, mahakama mpya zifungwe na kesi zirudi kwa makadhi. Kwao, katiba na mtoza kodi vilifika kwa mlango mmoja.

Waliolipenda wazo la katiba walikuwa wasomi na maofisa, kama Ibn Abi ad-Diyaf, mwanahistoria na katibu wa Bey, aliyetetea ufalme unaofungwa na kanuni. Hata hivyo Khayr ad-Din, rais wa Baraza lenyewe, alijiuzulu mwaka 1862 alipoona linatumiwa kufunika matendo ya wakubwa.

Bey alikuwa mjanja. Aliwapa walichoomba: nyongeza ikafutwa, katiba ikasimamishwa. Kisha jemadari Ahmad Zarruq akapelekwa Sahel na jeshi, akawatoza watu faini nzito, na halikuwapo tena baraza la kumuuliza. Ali alikamatwa mwaka 1866, akafia gerezani mwaka uliofuata.