Mwamba Ngoma Huvutia Kwake: Kampuni ya IBEA na Jina Lake Baada ya Vita vya Mengo, 1892

Siku hizi kampuni ikichafuka jina, haihangaiki kuziba kila mdomo. Huajiri wataalamu wa kuhakikisha kwamba mtu akilitafuta jina hilo kwenye Google, habari nzuri zinatangulia na mbaya zinasukumwa hadi ukurasa wa pili, ambako wasomaji wachache hufika. Wengi hudhani huu ni ujanja wa zama za intaneti. Insha hii inajadili jinsi jina la kampuni moja lilivyopiganiwa kwa njia inayofanana na hiyo baada ya vita vilivyotokea hapa Mengo mwaka 1892, na jinsi ushindi huo ulivyochangia kuamua nani angetawala Uganda.

Kampuni yenyewe ni Imperial British East Africa Company, kwa kifupi IBEA. Ilipewa hati ya kifalme Septemba 1888, mwenyekiti wake akiwa William Mackinnon. Sarafu zake zilizotumika Mombasa zilibeba maneno yenye maana ya "Nuru na Uhuru". Desemba 1890 mtumishi wake, Kapteni Frederick Lugard, aliwasili Buganda na kupiga kambi kwenye kilima cha Kampala, akitazamana na Mengo, makao ya Kabaka Mwanga II. Alikuta nchi imegawanyika. Wakatoliki waliitwa "Wafransa" kwa sababu mapadre wao walikuwa Wafaransa, na Waprotestanti waliitwa "Waingereza". Majina hayo ya kubandikwa yalifanya ugomvi wa Waganda uonekane kuwa ugomvi wa Ulaya.

Januari 1892 Mkatoliki mmoja alimuua Mprotestanti katika mzozo wa bunduki. Mwanga aliamua kesi hiyo kwa kumwachia mshitakiwa. Lugard alidai mtu huyo aadhibiwe, kisha akawagawia Waprotestanti mamia ya bunduki. Tarehe 24 Januari mapigano yalizuka kati ya vilima vya Mengo na Lubaga. Bunduki ya Maxim ya Kampuni ilichangia kuwavunja Wakatoliki, na misheni ya Lubaga ikachomwa moto. Mwanga alikimbilia kisiwa cha Bulingugwe. Siku chache baadaye kisiwa hicho kilishambuliwa, na watu wengi walizama ziwani wakijaribu kuokoa maisha yao.

Baada ya hapo yalianza mapigano ya pili, ya barua. Wakati huo habari za Mengo zilibebwa kwa miguu kwa wiki nyingi kabla ya kufika pwani na kuingia kwenye telegrafu au meli. Kwa hiyo barua iliyotangulia ndiyo iliyounda picha ya kwanza. Barua za Askofu Hirth na mapadre wenzake zilisomwa Ulaya mapema, zikieleza kwamba Kampuni iliwapa silaha upande mmoja na kuwashambulia Wakatoliki. Magazeti ya Ufaransa yaliwaka, na serikali ya Ufaransa ikalalamika London. Jina la Kampuni lilichafuka wakati ambapo tayari ilikuwa imeishiwa fedha na imetangaza kuondoka Uganda mwishoni mwa 1892.

Lugard aliondoka Kampala Juni na kufika London Oktoba. Hakutumia muda mwingi kuwajibu mapadre mmoja mmoja. Aliandika barua katika gazeti la The Times, akazunguka mijini akihutubia, na mwaka 1893 akatoa kitabu cha juzuu mbili. Katika simulizi yake swali la nani aligawa bunduki lilisogea nyuma. Mbele yaliwekwa maswali mengine: Je, Uingereza itawaacha Wakristo wa Uganda wauawe? Itaacha biashara ya utumwa irudi? Itawaachia wengine chanzo cha Nile? Wafuasi wa misheni ya CMS, ambao mwaka uliotangulia walikuwa wamechanga maelfu ya pauni ili Kampuni isiondoke, walimuunga mkono. Zaidi ya maombi 100 yalipelekwa serikalini kutoka makanisani na kwa wafanyabiashara.

Matokeo yake yalikuwa makubwa. Serikali, iliyokuwa imegawanyika kuhusu suala hilo, ilimtuma Gerald Portal. Tarehe 1 Aprili 1893 bendera ya Kampuni ilishushwa Kampala na ya Uingereza ikapandishwa. Mwaka 1894 Uganda ikatangazwa kuwa nchi ya himaya. Kapteni Macdonald, aliyeagizwa kuchunguza vita vile, aliandika ripoti iliyomlaumu Lugard, lakini haikuchapishwa. Hata hivyo, mwaka 1898 Uingereza iliwalipa mapadre wa Kifaransa fidia ya pauni 10,000. Fidia hiyo inaonyesha kwamba lawama zao hazikuwa za bure.

Jambo linalonigusa zaidi ni nani hakusikika. Mapadre walikuwa na magazeti ya Paris, Lugard alikuwa na The Times. Familia za waliozama Bulingugwe hazikuwa na gazeti lolote. Wakatoliki walitengewa Buddu, na nafasi kubwa za Mengo zikabaki mikononi mwa Waprotestanti wakiongozwa na Katikiro Apolo Kagwa. Ilibidi mwaka 1895 waletwe mapadre wa Mill Hill kutoka Uingereza, wakaishi Nsambya, ili watu waone kwamba Mkatoliki si lazima awe "Mfransa". Jina lililobandikwa kwa siku chache lilihitaji miaka kubanduliwa.

Kwa kuhitimisha, mwamba ngoma huvutia kwake. Kilichobadilika tangu 1892 ni kasi. Barua ya wiki nyingi imekuwa kubofya mara moja. Lakini kanuni ni ileile: huhitaji kuufuta ukweli, inatosha kuuweka mahali ambapo msomaji aliyechoka hatafika. Ripoti ya Macdonald haikuchomwa, iliwekwa tu kando. Kwa hiyo kazi ya mwanafunzi wa historia ni kufungua ukurasa wa pili, hasa pale ukurasa wa kwanza unapoahidi nuru na uhuru.