Siri Iliyochelewesha Kazi

Kijiti cha USB cha intaneti isiyo na waya kikijikokota katika kompyuta ya Linux, usikihukumu upesi. Linux, aliyoianza Linus Torvalds mwaka 1991, iko wazi: yeyote aweza kuisoma na kuirekebisha. Lakini watengenezaji wengi wa vifaa walificha siri zao. Mafundi wa kujitolea wakachungulia mwenendo wa vifaa vya Broadcom, wakabuni programu ya kuviendesha, ikaingizwa katika Linux mwaka 2006. Mwaka 2010 kampuni yenyewe ikafungua programu yake. Basi tafuta kwanza programu mpya, kisha tazama tundu: USB ya mwaka 1998 hupitisha megabiti 12 tu kwa sekunde, ya 2000, 480. Wahenga walinena kweli: mficha uchi hazai.