Tai Mkuu wa Misitu ya Fizi

Watu wengi wa Fizi na Baraka wamjua tai kwa ubaya wake tu: mwizi wa kuku na wa vitoto vya mbuzi. Leo twataka kusimulia habari za tai mmoja mkubwa wa msituni, mwenye ushungi kichwani mfano wa taji. Maana historia yake imefungamana na historia ya watu.

Jike la tai huyu laweza kupita kilo 4. Mabawa yake ni mafupi na mapana, kwa hiyo hupita upesi katikati ya miti. Chakula chake hasa ni kima, mbega na funo. Kima hao ndio waharibuo mahindi yetu, naye huwapunguza bila kudai mshahara.

Bwana Leslie Brown, Mwingereza aliyewachunguza tai hawa miaka mingi huko Kenya, aliona jambo la ajabu. Kwa kawaida wazazi hulea kinda mmoja tu katika miaka miwili. Hata akiisha kujua kuruka, kinda huyo hulishwa bado miezi 9 au zaidi. Basi, tai mmoja akiuawa, pengo lake halizibwi upesi.

Zamani milima ya Itombwe ilikuwa na misitu minene, yenye ndege wengi. Hata mwaka 1951 alipatikana huko bundi ambaye wataalamu hawakumjua kabla. Kisha vikaja vita. Mwaka 1964 uasi ulienea Fizi, na mwaka 1965 watu walipigana Baraka kwenyewe. Vita vikarudi mwaka 1996, na tena toka 1998 hata 2003. Wengine walivuka Ziwa Tanganyika kwenda Tanzania, wengine wakajificha msituni. Mwenye njaa hula apatacho; na bunduki zilipokuwa nyingi, kima na funo wakawindwa kuliko zamani.

Mwaka 2005 meli zilianza kuwarudisha wakimbizi toka Kigoma hadi Baraka. Ilikuwa furaha kubwa. Lakini kila jamaa ilihitaji nyumba, shamba, kuni na makaa, na miti mikubwa ikakatwa. Nani awalaumu? Walakini mti mkubwa ndio nyumba ya tai. Hulirudia tundu lile lile mwaka kwa mwaka.

Mwaka 2006 serikali ilitangaza hifadhi ya Itombwe, lakini wenyeji hawakuulizwa kwanza, wakanung'unika. Baadaye vijiji vilishirikishwa kuonyesha mipaka, na mwaka 2016 serikali ya jimbo ikaithibitisha. Hapo twajifunza kwamba msitu haulindwi kwa karatasi tu, bali kwa mapatano na wakaao kando yake. Tangu mwaka 2012 wataalamu wa dunia wamemhesabu tai huyu kuwa karibu na hatari ya kupotea.

Basi tai afikapo uani kwetu, tukumbuke kwamba sisi tulitangulia kuingia katika ghala lake. Kuku na vitoto vya mbuzi tuvifungie bandani. Mti wenye tundu tuuache usimame. Mitego ya waya tuipunguze, ili funo wabaki. Hayo hayahitaji fedha nyingi, nayo yatawafaa hata watoto wetu, ambao watahitaji msitu kama sisi tulivyouhitaji siku za taabu.