Kuzibua

Fundi aliingiza kidole kwenye bomba la ekzosti la gari langu la dizeli, akakitoa kisafi kama cha bibi harusi. "Chujio linafanya kazi, bosi, ila limeziba. Tulizibue."

Nilikipenda kitenzi chake. Ziba, zibua, funga, fungua, kunja, kunjua: unachomeka -u- na tendo linarudi kinyumenyume. Kitu chenyewe kinabaki palepale, njia tu ndiyo inayopatikana.

Chujio hili mara nyingi ni la kauri yenye vijitundu vinavyonasa masizi, ndugu wa yale ya chini ya sufuria ya kuni. Masizi huungua joto likifika karibu nyuzi 600, na gari kuukuu linalotambaa kwenye foleni za mjini halifiki huko. Ndiyo maana safari ndefu ya barabara kuu huweza kulizibua bila spana. Majivu ni habari nyingine. Hayo hutokana zaidi na oili ya injini, na hayaungui tena. Chujio hufunguliwa likaoshwe, au linunuliwe jingine. Gereji nyingi huyaita yote mawili "uchafu", na hapo ndipo mteja anapolipia dawa isiyomhusu.

Kesho yake nilimkuta fundi ameshika grenda. Alitaka kulipasua ganda, atoe matumbo yote, kisha achomelee.

"Huko si kuzibua, fundi," nikamwambia. "Huko ni kutumbua."

Nacho kina -u-, kitenzi hicho cha majipu, lakini sijaona gereji inayorudisha kilichotumbuliwa.