Kutoka Makonyo hadi Vanilini: Karafuu za Zanzibar katika Historia ya Kemia ya Viwandani

Mgeni anayefika Mangapwani, kaskazini mwa Mji Mkongwe, huoneshwa chumba cha mawe kilicho chini ya ardhi. Kwa mujibu wa masimulizi ya wenyeji, humo walifichwa watumwa baada ya mkataba wa 1873 kupiga marufuku biashara yao baharini. Mwaka mmoja baadaye, nchini Ujerumani, Ferdinand Tiemann na Wilhelm Haarmann walitengeneza vanilini, kiini cha harufu ya vanila, kutokana na utomvu wa misonobari. Makala haya yanadai kuwa historia hizi mbili zinapaswa kusomwa pamoja.

Haarmann alianzisha kiwanda mjini Holzminden, lakini kinachowezekana ndani ya chupa ya maabara si lazima kiwezekane ndani ya pipa la kiwandani. Katika chombo kikubwa joto hutoka kwa shida, mazao yasiyotakiwa huongezeka, na malighafi haina budi kupatikana kwa tani. Utomvu haukukidhi hitaji hilo. Suluhisho lilikuwa yujenoli, ambayo ndiyo sehemu kubwa ya mafuta ya karafuu. Kufikia miaka ya 1890 ilichemshwa na alkali ikawa isoyujenoli, kisha ikaoksidishwa kuwa vanilini.

Wakati huo sehemu kubwa ya karafuu za dunia ilitoka Unguja na Pemba, hasa Pemba, kwani kimbunga cha 1872 kiliangusha mikarafuu mingi ya Unguja. Pamoja na karafuu kavu yaliuzwa makonyo. Mafuta yake hayazidi sana asilimia 5, ilhali ya karafuu hufikia 15 hadi 20. Lakini makonyo yalikuwa rahisi, nayo kwa mwenye kiwanda bei ni sehemu ya kemia. Urahisi huo ulitokana na mikono ya wachumaji, ambao wengi wao walikuwa watumwa hadi hadhi hiyo ilipofutwa kisheria mwaka 1897.

Katika miaka ya 1930 lignini, takataka ya viwanda vya karatasi, ilianza kuchukua nafasi ya karafuu. Leo kiwanda cha Wawi, Pemba, hukamua mafuta kwa mvuke. Hivyo basi, historia ya kukuza uzalishaji haiishii kwenye mitambo: swali la nani alichuma, na thamani ilibaki wapi, ni sehemu yake ya msingi.